Boti ya kukodi kwa familia inayotoka Dodoma: Pangani, Rufiji au Kilwa?

Likizo ya Juni ikikaribia simu zangu huanza kuita. Jirani wa Area D, mwenzangu wa kazini, shemeji yangu wa Kondoa, wote wanauliza jambo lile lile: wamejichanga, wanataka boti yao wenyewe, familia na nahodha tu, wakae mtoni na baharini siku tatu au nne, lakini hawajui waelekee wapi. Majina yanayorudi ni matatu: Pangani, Rufiji na Kilwa. Kote huko nimekwenda na watu wangu, yaani mume, watoto watatu na mama mkwe anayeishi Mvumi, kwa hiyo naandika niliyoyaona, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuwauliza manahodha maswali mengi kuliko walivyotarajia.

Tuelewane kwanza kuhusu boti yenyewe. Nazungumzia boti ya mashine, ya faiba, ya mbao au ya alumini, yenye turubai la kivuli, inayobeba watu sita hadi kumi na wawili, ambayo mnaikodi nzima kwa siku. Hamlali ndani yake. Usiku mnarudi nchi kavu, asubuhi nahodha anawasubiri ufukweni au gatini.

Mtu wa bara akichagua safari ya namna hii huanza na picha. Mimi naomba aanze na mambo sita, na nitayafuata hayo hayo kwa sehemu zote tatu: njia kutoka Dodoma, boti na mashine yake, maji na upepo, kinachoonekana, kupanda na kushuka kwa wazee na watoto, na pesa inakokwenda. La tatu, maji na upepo, ndilo linaloharibu au kuokoa likizo, na ndilo ambalo sisi wa huku hatulizingatii, kwa kuwa maji ya bwawa la Hombolo hayapwi, yaani hayapungui, wala hayajai kwa saa.

Njia kutoka Dodoma

Pangani ni kama kilomita 600 kwa gari: Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, kisha mnakata kulia kushuka pwani. Ni siku nzima barabarani, na mkitoka alfajiri mnafika kabla ya giza. Kwa gari la familia ndiyo njia isiyo na mizunguko.

Rufiji na Kilwa zote zinapitia Dar es Salaam kwa wengi wetu, na hapo treni ya SGR imebadilisha hesabu. Tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ile siku ya kwanza iliyokuwa inaliwa na barabara ya Gairo na Morogoro imegeuka kuwa asubuhi moja. Mnashuka Dar mkiwa hamjachoka, mnakodi gari huko au mnapanda basi la Kusini.

Kwenda Kilwa mnaendelea na barabara kuu ya Kusini, mnavuka Daraja la Mkapa pale Ikwiriri, mpaka Nangurukuru, kisha mnaingia kushoto kwenda Kilwa Masoko. Kutoka Dar ni kama kilomita 300. Kwenda Rufiji ya juu, ile iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mnaiacha barabara kuu pale Kibiti na kuelekea Mloka na lango la Mtemere. Kipande hicho kinachosha gari, na mvua ikinyesha ni matope. Ipo pia njia ya kutoka Morogoro kupitia Matombo na Kisaki hadi lango la Matambwe. Kwenye ramani inamvutia mtu wa Dodoma kwa sababu inaonekana fupi, lakini bila gari la juu na dereva anayeijua sikushauri.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu Kusini: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Kama safari yenu inaangukia kwenye masika, jipeni siku moja ya ziada.

Boti na mashine

Pangani boti nyingi ni za faiba au mbao, za watu wa mji wenyewe na za nyumba za wageni upande wa Ushongo. Mashine moja nyuma, mara nyingi ya nguvu ya farasi 40 au pungufu. Kilwa ni hivyo hivyo, ila humo mnakuta na majahazi yaliyofungwa mashine, mapana na yenye kutulia, ambayo mimi nayapenda kwa wazee kwa kuwa hayarukiruki. Rufiji ni kitu kingine: boti za alumini zenye tako bapa, zinazoweza kupita kwenye maji yasiyofika magotini, zenye viti vinavyotazama mbele na paa la kivuli. Nyingi ni za kambi za kitalii au za watu wa Mloka, na ndani ya hifadhi mnakuwa na mwongozaji.

Kokote mwendako, kagueni wenyewe kabla ya kutoa pesa. Nasema hivi kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza Pangani, mwenye boti alituhakikishia kwa simu kwamba kuna mashine mbili na majaketi ya kujiokolea ya kila mtu. Tulipofika gatini tukakuta mashine moja na majaketi matano. Tulikuwa tisa pamoja na mabaharia. Watoto walikwisha kuingia ndani na kuchagua viti, mume wangu akaniangalia, nami nikasema twende. Nilikosea. Mchana ule tulikwama mlangoni mwa mto, nitaeleza chini, na muda wote nilikuwa nahesabu majaketi matano na vichwa tisa.

Tangu hapo nina orodha fupi. Jaketi la kila mtu, la mtoto liwe la ukubwa wake, lisitoke kichwani ukilivuta kwa juu. Nanga na kamba yake. Pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia boti, au makafi mawili. Ndoo ya kutolea maji yanayoingia botini. Simu ya nahodha ikiwa na chaji na namba ya mtu wa nchi kavu anayejua mmekwenda wapi. Mashine ya pili, hata ndogo, kwa safari yoyote inayotoka nje ya mlango wa mto. Na cheti cha ukaguzi: Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo linalokagua vyombo vidogo, na mwenye boti aliyekaguliwa hukuonyesha karatasi bila kununa.

Mafuta nayo muulizeni. Mashine ya farasi 40 ikikimbizwa mwisho hunywa kama lita 15 kwa saa. Manahodha makini hugawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la kutoguswa. Nahodha akikwambia "tutajaza huko huko", uliza huko ni wapi.

Maji na upepo

Hapa nakaa kidogo.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi kati ya juu na chini. Mwezi ukiwa nusu kunakuwa na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Mpaka hapo ni elimu ya kila mtoto wa pwani. Kinachotusaidia sisi wa kupanga safari kutokea Dodoma ni hiki: kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu inageuka, asubuhi ya saa nne maji yamejaa na saa kumi jioni yamepwa. Kwa hiyo ukiwa na kalenda ya mwezi ukutani, unaweza kupanga likizo ukiwa umekaa Makole, hapa hapa Dodoma.

Pangani inataka bamvua. Nje ya mlango wa mto, kilomita kama nane, kuna Maziwe, fungu la mchanga mweupe linalotokeza maji yakipwa na kukaribia kumezwa yakijaa. Siku ya bamvua mnatoka saa mbili asubuhi, saa nne mnatembea juu ya mchanga mkavu katikati ya bahari, saa saba mnarudi maji yakiwa yanajaa, mnapita mlangoni kwa raha na kuendelea juu ya mto mkisukumwa na maji hayo hayo. Sisi mara ya kwanza tulikwenda mwezi ukiwa nusu. Asubuhi tukakuta Maziwe imebaki kipande cha kutandika mkeka, na saa kumi jioni tukarudi maji yamepwa. Pale mlangoni mchanga umejikusanya chini na mawimbi ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, yanasimama. Mashine ikagusa mchanga, ikakohoa, ikazima. Nahodha hakuwa na pondo. Tulitia nanga tukakaa tunayumba mpaka jua linazama ndipo maji yalipotuinua. Mtoto wa kati alitapika mara nne. Hakuna aliyeumia, na nahodha alikuwa mtu mwema aliyefanya kazi na alichopewa, lakini yote yale yangezuiwa na kalenda ya shilingi elfu mbili.

Kilwa, kwa upande wake, inapenda maji mafu, hasa kama mnataka Songo Mnara. Kisiwa hicho kimezungukwa na mikoko upande wa kushukia. Maji yakiwa yamejaa asubuhi boti inasogea karibu, yakiwa yamepwa mnashuka mbali na kutembea ndani ya maji na tope la mikoko. Kwa kijana ni mchezo, kwa mama mkwe wa miaka 71 ni adhabu. Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani hakuna shida hiyo kubwa, kwa kuwa mkondo ni mfupi na maji ya Masoko ni ya kina.

Rufiji ya juu haijui bamvua wala maji mafu. Kule kinachotazamwa ni kina cha mto. Mafungu ya mchanga huhama kila mwaka, na nahodha wa Rufiji husoma rangi ya maji na mikunjo yake juu, huku akikaa kimya. Anapokaa kimya msimsemeshe.

Upepo sasa. Kusi huvuma takribani Mei hadi Septemba na hukaza Juni mpaka Agosti. Kaskazi huja Desemba hadi Machi. Katikati yao kuna maleleji, bahari imelala. Lakini sisi wenye watoto shuleni hatuchagui, tuna Juni na Desemba. Juni, Pangani inawezekana kwa safari za asubuhi tu, kwa sababu ikifika saa sita pwani ile iliyo wazi huchafuka. Kilwa ina afadhali, visiwa vyake vinaikinga bahari ya ndani. Rufiji Juni ni tamu: mvua zimekatika, mto umeanza kupungua, wanyama wanaanza kusogea majini, na jioni ni ya baridi kidogo. Desemba mambo yanageuka. Pangani mapema Desemba, kabla kaskazi haijakaza, huwa na maji safi ya kuogelea. Kilwa nayo nzuri, ila joto. Rufiji Desemba ni joto zito, mbung'o wapo, na mvua ya vuli inaweza kuwafungia njia ya Mloka. Aprili na Mei msiende Rufiji kabisa. Kambi nyingi hufungwa, na mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti kila mtu aliyaona.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mawimbi na upepo wa pwani uko wazi kwa kila mtu. Usomeni usiku wa kuamkia safari, na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.

Kinachoonekana

Pangani mnapata mto na bahari kwa siku moja, na ndicho kilichonifanya nirudi. Mto unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Nyumba ya Mungu, unateremka kwenye mitambo ya umeme ya Hale, na ukifika mjini umekuwa mpana, mzito, wa rangi ya chai ya maziwa. Mkipanda nao mnaona mikoko, kisha minazi, kisha mashamba ya mkonge kwa mbali. Mdiria wa buluu anakaa kwenye fito, anajitupa, anarudi na samaki. Mamba wapo, kwa hiyo mikono ndani. Mlangoni kuna mstari: huku maji ya kahawia, huku ya kijani, na boti inauvuka kama inavuka kizingiti. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alimwomba nahodha apunguze mwendo pale. Alichovya kidole upande wa mto akaonja, tulipovuka akachovya tena akaonja, akatema, akacheka, akamwambia mume wangu kwa Kigogo kwamba kumbe ni kweli. Kisha akajaza chupa ya maji ya bahari akaenda nayo Mvumi kuwaonyesha wenzake.

Mji wenyewe una historia nzito. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia hapo mwaka 1888, na hapo hapo Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Nyumba za zamani za mtoni zinachoka, lakini zimesimama. Wenye siku mbili tu wanaweza kuibadilisha Pangani na Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa bahari, ambako boti hupanda Mto Wami kutazama viboko. Na kwa mtu wa Dodoma Wami una undugu: mvua ya kwetu inayoingia Kinyasungwe huishia huko.

Rufiji ni ya wanyama na ndege, na hakuna sehemu nyingine kati ya hizi inayoikaribia kwa hilo. Hifadhi ya Nyerere ilitangazwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Boti inatoka mtoni na kuingia kwenye maziwa yaliyoungana nao, Nzerakera, Manze, Tagalala, penye mivumo, miti ya jamii ya minazi, iliyokufa imesimama majini kama nguzo. Asubuhi moja nahodha alizima mashine karibu na kingo ya udongo iliyotobolewa matundu mamia. Keremkerem, wale ndege wala nyuki, walikuwa wanatoka na kuingia, wekundu shingoni, na udongo ulikuwa ukidondoka majini punje punje kwa kazi ya miguu yao. Tulikaa hapo nusu saa. Mtoto wangu mdogo, asiyeweza kukaa kimya mezani, hakusema neno. Nyuma yetu viboko walikuwa wakikoroma, na furukombe akaita kutoka juu ya mvumo. Nilipomwambia kwamba maji ya Mtera, tunayoyapita tukienda Iringa, hushuka na Ruaha Mkuu mpaka Kidatu, yakaingia bwawa la Julius Nyerere, kisha yakapita hapa chini yetu, aliinama ukingoni akayatazama upya.

Rufiji ya chini, kwenye mikoko ya Delta, ni safari tofauti. Ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, na kutoka Nyamisati boti huvuka kwenda Mafia, ambako kati ya Oktoba na Februari watu huogelea na papa potwe. Kuvuka huko ni bahari ya kweli. Kwa familia ya mara ya kwanza na boti ndogo, mimi ningeiacha.

Kilwa ni ya mtu anayependa kusikia mawe yakisema. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji. Mnashuka kisiwani, mnaingia Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, mnatembea hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo juu ya mwamba, lenye birika la pembe nane linalotazamana na bahari ile ile mliyokuja nayo. Mume wangu, mwalimu wa historia, alikaa ukingoni mwa birika lile mpaka nikamfuata. Watoto walichoka baada ya saa moja na nusu, nisiwafiche. Siku ya pili ndiyo iliyowafurahisha wao: boti iliingia kwenye hori, vijia vya maji ya bahari katikati ya mikoko, upande wa Mavuji, taratibu, kaa wakikimbia juu ya mizizi.

Kupanda na kushuka

Rufiji ni rahisi kuliko zote: boti inasukuma pua kwenye mchanga, mnapanda kwa ngazi fupi, na mkishaingia mnakaa. Kushuka katikati ya safari ni pale tu mwongozaji anaporuhusu. Haja ndogo ya mtoto ipangwe mapema. Pangani kuna gati upande wa mji, lakini Maziwe mnashuka majini mpaka magotini, na tulimbeba mama mkwe, mabaharia wawili wakiunganisha mikono. Aliwasalimia "mbukwenyi", wao wakamjibu "shikamoo bibi", wakambeba hivyo hivyo wakicheka wote. Kilwa Masoko kuna gati na Kisiwani mnashuka pazuri kiasi, shida ni Songo Mnara kama nilivyosema.

Kichefuchefu: dawa imezwe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kusikia vibaya. Rufiji hamtaihitaji.

Pesa inakokwenda

Sitaji bei kwa kuwa hubadilika na mafuta. Naeleza tu zinakoelekea. Pangani pesa kubwa ni mafuta ya gari na mafuta ya boti. Malazi yapo ya kila mfuko, na samaki wa kukaanga na wali wa nazi mjini haviwatoi jasho. Kilwa inafanana na hiyo, ongeza safari ndefu na kibali cha magofu, kinachokatwa Masoko kabla ya kuvuka, pamoja na mtembezaji. Rufiji ndiyo inayouma: kiingilio cha hifadhi kwa kila mtu kwa kila siku, gari, mwongozaji, na kambi za ndani ambazo nyingi zimepangwa kwa wageni wa nje. Mnaweza kupunguza kwa kulala Mloka nje ya lango na kukodi boti huko. Kila mtu mzima achukue kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni vimeachana mno, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu.

Boti yenyewe, kote, ulizeni bei ya siku nzima pamoja na mafuta, nahodha na baharia mmoja. Mkiwa wanane mnaigawana ikawa nafuu. Mkiwa wawili inalemea.

Nani aende wapi

Mna siku nne tu, gari lenu, na watoto wa shule ya msingi: Pangani, wiki ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, asubuhi kwa bahari na alasiri kwa mto.

Mna Juni, akiba imekaa vizuri, na watoto wanaopenda wanyama, au mtu katika familia anayeogopa mawimbi: Rufiji ya juu. Boti haiyumbi na hakuna chumvi. Mwenye malaria za mara kwa mara aonane na daktari kwanza.

Ni watu wazima watupu, au mna mpenda historia ambaye amesubiri miaka: Kilwa, wiki ya mwezi nusu, siku moja Kisiwani, siku moja Songo Mnara, siku moja kwenye mikoko bila ratiba.

Mko wawili na pesa ni ya kubana: Pangani au Kilwa, lakini tafuteni wenzenu wawili watatu wa kugawana boti kabla hamjatoka Dodoma. Rufiji kwa wawili ni ghali bila sababu.

Hamna uhakika kama mtoto au mzee ataweza boti kabisa: nendeni Mtera kwanza. Ni kama kilomita 120 kutoka mjini kwenye barabara ya Iringa, mnakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, wavuvi wanaweza kuwazungusha asubuhi, upepo haujaamka. Peleka majaketi yenu wenyewe, na msiogelee, mamba na viboko wapo. Yule mtoto wangu aliyetapika Pangani nilimrudisha majini kwa njia hiyo: mara mbili Mtera, akashika kafi, akazoea kuyumba, ndipo tukaenda Kilwa.

Na kama mna mzazi ambaye hajaiona bahari, mpelekeni Pangani, mkae naye mbele ya boti, na mwambieni nahodha mapema apunguze mwendo pale kwenye mstari. Chukueni chupa tupu.